Mume wangu Mdominika ameitwa aigize Mwafrika, na mwalimu anayemtaka ni mimi

*Shangazi, shikamoo.*

Nakuandikia kwa jina la Mama Rehema, ambalo si langu wala la mwanangu, maana Waswahili wa New York tunajuana na habari hazikai. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimeolewa Bronx. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mume wangu ni mwigizaji. Alizaliwa San Pedro de Macorís, Jamhuri ya Dominika, akaletwa Marekani akiwa mdogo. Kihispania ndicho anachoongea na mama yake, ndicho anachosalia, na ndicho anachotukania usiku akikanyaga midoli ya binti yetu.

Kuna jambo lazima ulijue mapema, maana mengine yote yanatoka hapo. Mume wangu ni mweusi, weusi wa mtu ambaye ukishuka naye Pangani hakuna atakayemuuliza ametoka wapi. Tulipokutana na akaniambia yeye ni Mlatino, yaani mtu wa asili ya Amerika ya Kilatini, nilidhani ananitania. Mimi Walatino niliwajua kwenye tamthilia za Mexico tulizokuwa tukirundikana kuzitazama kwa jirani mwenye televisheni, na humo kila mtu alikuwa na nywele za kumwagika mabegani na macho ya rangi. Nikamuuliza, "Wewe Mlatino gani?" Akacheka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba swali hilo hulikuta kazini kila mara, na huko hacheki.

Kazi yake iko hivi. Ikitafutwa familia ya Kilatino kwa ajili ya tamthilia, baba, daktari, askari polisi anayeitwa Ramírez, yeye hurekodi majaribio yake nyumbani, anayatuma, na wakala wake anarudishiwa maneno yale yale: ameigiza vizuri sana, ila wanatafuta mtu mwenye "sura ya Kilatino" zaidi. Ikitafutwa familia ya Wamarekani weusi, wanasema ana lafudhi ya Kihispania. Kwa hiyo anaishi katikati. Amekuwa mlinzi wa mlangoni, amekuwa maiti, na kazi yake iliyoonekana zaidi jina lake limeandikwa mbele ya maneno "Mfungwa wa Tatu".

Tuliendelea hivyo hivyo mpaka ule mgomo wa waigizaji wa 2023. Akiba yetu iliishia hapo. Mwaka uliofuata hakufikisha kipato kinachotakiwa na mfuko wa afya wa chama chao, bima ikakatika. Rehema ana pumu, na wewe unajua au hujui, Bronx ni mahali pabaya pa kuwa na pumu.

Sasa kazi imekuja. Tamthilia kubwa, inapigwa katika jimbo la Georgia, yeye atatokea katika sehemu sita. Anatakiwa awe kamanda wa waasi katika nchi ya Kiafrika ambayo haina jina. Huyo kamanda anachoma vijiji, anawapa watoto bunduki, na mwisho anauawa na mwanajeshi Mmarekani. Kurasa alizopewa zina Kiswahili ambacho sijui nani alikiandika. Askari wanaamrishana kwa maneno ya kuagizia chakula hotelini. Mume wangu anataka nimsahihishie, nimfundishe na lafudhi. Watayarishaji wamesema wako tayari kunilipa kidogo kama mshauri wa lugha.

Nilikataa. Nilimwambia siwezi kukaa mezani kwangu kumfundisha mtu jinsi ya kututukana kwa ufasaha. Nilimwambia yeye si Mwafrika, hana haki ya kuchukua sura yetu akaiuze. Akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Miaka yote wameniambia mimi si Mlatino wa kutosha. Leo na wewe unaniambia mimi si mweusi wa kutosha." Akaenda kulala sebuleni, na mpaka leo tunaongea habari za shule ya mtoto na kodi ya nyumba tu.

Mama mkwe wangu, anayeishi ghorofa ya juu yetu, anasema pesa ni pesa. Lakini nilimsikia pia akimwambia mwanawe asiwaeleze majirani kwamba ataigiza Mwafrika. Kwake wao si weusi, wao ni Wadominika. Hilo nalo lilinichoma. Na Rehema, ambaye ana miaka tisa, alimsikia baba yake akijifunza zile amri mbele ya kioo, akaja jikoni kuniuliza kama babu wa Tanga naye huongea hivyo.

Wakala anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikimfundisha najiona msaliti. Nikimkatalia, naye akaiacha kazi kwa ajili yangu, nitamtazamaje Rehema akibanwa na kifua? Na nikinyamaza, aichukue bila mimi, hiyo ndoa itakuwa ya namna gani?

*Mama Rehema, Bronx*

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Poleni nyote, na huyo bwana wa sebuleni nampa pole yake peke yake.

Nikusomee kwanza nilivyokuelewa, ili kama nimepotoka ujue nilipotokea. Mumeo amekataliwa kwa muda mrefu nafasi za watu wa kwao kwa sababu hafanani na picha ya Mlatino iliyomo vichwani mwa wanaochagua waigizaji. Sasa weusi ule ule uliomfungia mlango umemfungulia mwingine, lakini ndani yake mna sanamu baya la watu wa kwako. Nyinyi wawili mmekuwa mkigombana kana kwamba mmoja wenu ndiye aliyeitengeneza hali hii. Hakuna kati yenu aliyeiandika ile tamthilia. Nalisema hili mapema kwa sababu barua yako ina hasira nyingi, na nyingi ni za haki, ila zote zimeshushwa juu ya mtu mmoja aliye karibu.

Nianze na lile neno lako kwamba yeye hana haki ya kuigiza Mwafrika. Nimelifikiria sana. Wewe ni wa Tanga, bila shaka umewahi kuiona filamu ya The Message, ya 1976, juu ya mwanzo wa Uislamu. Huku kwetu imezungushwa misikitini na majumbani mpaka kanda zikakatika. Yule Hamza, ami yake Mtume, katika toleo la Kiingereza ni Anthony Quinn, mzaliwa wa Chihuahua, Mexico. Watu wazima nimewaona wakimlilia, na sikumbuki aliyesema Mmexico huyu ametuibia Hamza wetu. Quinn huyo huyo Hollywood ilimfanya Mgiriki, Mwarabu, Mwitaliano, na hata Muinuiti wa kwenye barafu. Lakini mwaka 1952, ilipotengenezwa filamu ya Emiliano Zapata, shujaa wa Mexico yenyewe, Zapata alipewa Mmarekani mweupe, Marlon Brando, naye Quinn akapewa kaka yake Zapata. Akapata Oscar kwa huyo kaka.

Kwa hiyo nakuuliza tu, usinijibu haraka: kinachokuuma ni kwamba Mdominika ataigiza Mwafrika, au ni aina ya Mwafrika aliyeandikwa? Kama kamanda huyo angekuwa mtu mwenye mama, mwenye woga, mwenye sababu, ungemkatalia bado? Na kama angekuja Mtanzania halisi, mzaliwa wa Muheza, akamwigiza kamanda yule yule jinsi alivyo, ungeridhika? Nahisi jibu lako la kwanza na la pili hayatalingana, na humo kwenye pengo ndimo mtakamozungumzia na mumeo. (Mimi binafsi sijapata kuelewa kwa nini nchi za Kiafrika za kwenye filamu hazina jina, hazina shule, wala duka moja la kuuza chumvi.)

Jambo la pili ni kuhusu maneno aliyokuambia. Umeyapokea kama tusi. Huenda ni tusi kweli, mimi sikuwapo. Ila tazama yanatoka wapi. Chuo Kikuu cha Southern California kilichambua filamu 1,200 zilizoingiza pesa nyingi zaidi kati ya 2007 na 2018. Katika wahusika wote wenye kusema, Walatino walikuwa asilimia 4.5, na katika nafasi kuu asilimia 3. Sensa ya 2020 iliwahesabu Walatino zaidi ya milioni 62 Marekani, karibu mtu mmoja katika kila watano. Hapo ni Walatino wote, na mumeo yuko kwenye kona ndogo zaidi ya hesabu hiyo. Watafiti wa taasisi ya Pew wamekadiria kuwa watu wazima milioni 6 hivi nchini humo ni Walatino wenye asili ya Afrika. Milioni sita, na wewe uliyekulia kwenye tamthilia hukuwahi kumwona hata mmoja.

Maana tusiitwike Hollywood peke yake mzigo huu. Zile tamthilia ulizorundikana kuzitazama zilitengenezwa na Walatino wenyewe, na humo mtu wa rangi ya mumeo, akionekana kabisa, ndiye anayefungua mlango na kuleta kahawa. Gina Torres, aliyekulia hapo hapo Bronx kwa wazazi wa Kuba, amewahi kueleza kwamba alipoingia uigizaji alikuta dunia inapenda Walatina wafanane na Waitaliano. Akatumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi akiigiza Wamarekani weusi. Na mwaka 2021, In the Heights ilipotoka, filamu ya mtaa wa Washington Heights ulio ng'ambo tu ya mto kutoka kwenu, watu wa mtaa walilalamika kwamba Wadominika weusi wa kweli waliwaona kwenye makundi ya wacheza dansi, si kwenye nafasi kuu. Lin-Manuel Miranda, mtunzi wake, akaomba radhi hadharani. Fikiria mumeo aliyatazama hayo akiwa kwenye kochi gani.

Halafu kuna mama yake. Umelitaja neno lake kwa machungu na ukapita, lakini mimi limenisimamisha. Mtu aliyelelewa katika nyumba isemayo "sisi si weusi" ameoa mwanamke wa Tanga, amejifunza kumwamkia baba mkwe wake, amezaa binti akampa jina la kwenu au linalofanana nalo. Sasa anasimama mbele ya kioo akijaribu kuwa Mwafrika, katika kazi mbaya, ndiyo, kwa maneno ya hovyo, ndiyo. Umemuuliza kama kuna kitu kingine humo zaidi ya pesa na bima? Inawezekana hakuna. Inawezekana pia kwamba hii ni mara ya kwanza kazi inamlipa kwa ajili ya uso ambao nyumbani kwao ulinong'onwa na kazini ulikataliwa. Kama ni hivyo, basi ulipomwambia hana haki uligusa mahali ambapo hukukusudia. Sisemi ulikosea kukasirika. Nasema mrudi kwenye maneno yale kabla ya kurudi kwenye mkataba.

Sasa njia zenyewe. Sina ya kukusukumia.

Ya kukataa unaifahamu, na ina watu wakubwa waliopita humo. Rita Moreno wa Puerto Rico alianza kwa kuigiza kila aina ya msichana wa mbali, hadi Mburma, na hata katika filamu ya West Side Story, alipokuwa akiigiza Mpuerto Rico kama yeye, alipakwa vipodozi vya kumtia weusi kuliko alivyo, huku María, msichana mkuu wa hadithi, akipewa Natalie Wood, mzaliwa wa wahamiaji Warusi. Moreno akapata Oscar mwaka 1962. Baada ya hapo nafasi zilizomjia zikawa zile zile za wasichana wa magenge, akazikataa, na kwa miaka kama saba, kwa maelezo yake mwenyewe, hakufanya filamu nyingine. Leo tunamheshimu kwa hilo. Lakini nikuambie bila kukupamba: yeye alikataa akiwa na Oscar kabatini, na bado alingoja muda wote huo. Mumeo ana Mfungwa wa Tatu. Kukataa hakutamletea nafasi ya Ramírez. Walioamua kwamba hana sura ya Kilatino hawatajua hata kwamba kuna kitu alikikataa. Kama atakataa, akatae kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kuivaa kazi hiyo. Akikataa kwa sababu wewe umemnunia, kila bili itakayopita mlangoni itakuwa na jina lako.

Ya kukubali nayo ina watu wake. Lupe Ontiveros, mzaliwa wa El Paso, Texas, alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii kabla ya kuigiza, na alikadiria mwenyewe kwamba amevaa aproni ya mtumishi wa ndani zaidi ya mara 150 kwenye jukwaa na skrini. Hakuwaonea haya wanawake wale, maana aliwajua. Alichokionea uchungu ni kwamba ni mara chache tu alifikiriwa kwa nafasi ya mtu mwingine, hakimu kwa mfano. Nani kati yake na Moreno alifanya vizuri zaidi? Nimewauliza watu wa filamu swali hili na kila mmoja hunijibu kufuatana na kodi yake ya nyumba. Tofauti moja uione: mtumishi wa Ontiveros alikuwa amedharauliwa na hadithi, lakini kamanda wa mumeo amelaaniwa nayo. Hayo si mamoja, na sidhani ukimficha mumeo kwamba unaiona tofauti hiyo utakuwa umemsaidia.

Katikati ya hapo kuna kujadiliana, ambako nadhani hamjakujaribu. Mwigizaji mdogo ana nguvu kidogo sana, na hiyo kidogo anayo kabla ya kusaini tu. Wakala wake, ambaye anakula asilimia 10 yake, ndiye wa kuuliza: nchi hiyo inaweza kupewa jina? Kamanda anaweza kupata japo onyesho moja la kuonyesha alikuwa nani kabla ya bunduki? Kurasa za sehemu zote sita zinaweza kuonekana mapema? Mara nyingi watajibu hapana, au watajibu ndiyo kwa mdomo kisha onyesho lenyewe likatwe kwenye uhariri, na hamtakuwa na pa kwenda kulalamika. Hata hivyo namna watakavyojibu itamfundisha mumeo kitu kuhusu watu anaokwenda kufanya nao kazi.

Nakuja kwako na Kiswahili chako. Umeyachanganya kuwa jambo moja la kumfundisha na la kumuunga mkono. Kwa nini? Mtu anaweza kumpakia mumewe chakula na kumtakia safari njema ya kazi ambayo yeye mwenyewe asingeifanya. Ukimwambia "nenda, lakini sauti yangu siitoi," watapata mwalimu mwingine, Waswahili hawajaadimika Marekani. Hatari yake ni kwamba atajiona ameachwa peke yake, na wewe siku moja utaisikia ile tamthilia ikipita kwa jirani na makosa yake yote. Ukiamua kumfundisha, sikuoni msaliti. Wapo watakaosema afadhali Kiswahili kiwe sahihi hata kinywani mwa mwovu. Ila usikubali "kidogo" cha hisani. Taka mkataba wako wewe, usio wa mumeo, wenye malipo yaliyoandikwa, unaosema kama jina lako litatokea mwishoni au la, na kama una neno lolote juu ya maana ya maneno au matamshi tu. Ukiwa mrekebishaji wa matamshi peke yake, ujue kwamba huwezi kubadilisha anachosema kamanda, unaweza kubadilisha tu jinsi kinavyosikika. Kuna watu wanaolala vizuri na kazi hiyo. Wewe unajijua.

Nimwongeze mmoja ambaye kila nikimfikiria nashindwa kumweka upande wowote. Zoe Saldaña, baba yake Mdominika, mama yake mwenye asili ya Puerto Rico, mwaka 2016 alimwigiza mwanamuziki mweusi wa Marekani, Nina Simone, akiwa amepakwa weusi na kubandikwa pua, watu weusi wa Marekani wakakasirika, na mwaka 2020 akaomba radhi. Mwaka 2025 akapata Oscar kwa Emilia Pérez, filamu inayohusu Mexico lakini iliyoongozwa na Mfaransa na kupigwa zaidi Ufaransa, akasimama jukwaani kwa fahari kama Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Dominika kuipata, wakati huo huo Wamexico wengi wakisema filamu ile imewakejeli. Fahari ya watu wa mumeo na uchungu wa watu wengine vilikuwa kwenye mkono mmoja, usiku mmoja. Mama mkwe wako alilia au hakulia? Muulize. Huenda ikawa njia ya kuanza naye mazungumzo mengine, kuliko kumbishia kama yeye ni mweusi au si mweusi.

Kuna wanaochoka kungoja wakaandika yao. John Leguizamo, mzaliwa wa Bogotá aliyekulia Queens, alichoshwa na nafasi za wauza dawa akajitungia michezo ya mtu mmoja jukwaani, na huko ndiko alikojulikana. Kundi la maigizo la Pregones, lililoanzishwa 1979, liko hapo hapo Bronx. Simwambii mumeo aache kazi ya televisheni aende huko. Jukwaa halitafika kwenye bili zenu mwaka huu. Ila nasikia mtu ambaye miaka yote amekuwa akijaribiwa kwa maneno ya wengine, na mwenzake wa nyumbani ana hadithi za Pangani na San Pedro de Macorís zisizokuwa za mtu mwingine. Inaweza kwenda pamoja na kazi ya Georgia au bila yake.

Rehema ana miaka tisa, na swali lake la jikoni hukuniambia ulilijibuje. Mwenye kulijibu vizuri ni baba yake. Kama ataweza kumweleza binti yake anaigiza nani, kwa nini mtu huyo ameandikwa hivyo, na kwa nini babu wa Tanga hayumo humo, basi yeye mwenyewe atakuwa amejua kama anaiweza kazi hiyo. Kama atashindwa kumweleza, hilo nalo atalijua. Usimsaidie kujibu.

Wakala aombwe siku chache zaidi. Mawakala huombwa hivyo kila wiki na hawafi.

Na kuhusu bima, tafadhali lichomoe jambo hili kwenye ugomvi. Kwa jinsi ulivyoandika, pumu ya mtoto imesimama upande wa kamanda, na hiyo si haki kwa yeyote kati yenu. Hata akiikubali kazi, mfuko wa chama unataka mwanachama afikishe kiwango fulani cha kipato kwa mwaka (mwaka 2023 kilikuwa zaidi ya dola 26,000), na bima haianzi siku anayosaini, kwa hiyo hesabuni kwanza kama sehemu hizo sita zitafika. Jimbo la New York lina mpango uitwao Child Health Plus kwa watoto walio chini ya miaka 19 wasiostahiki Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, na mchango wake hufuata kipato cha familia. Kwa wengine ni bure. Uliza pia kazini kwako kama saa zako zinakupa haki ya bima. Piga simu hizo wewe mwenyewe kesho asubuhi, kabla hamjaamua lolote juu ya Georgia.